Mpima wa Chumba cha Mashuka

Jumatatu, 2 Septemba

Nimerudi kazini na plasta. Mkono wa kushoto, namshukuru Mungu – wa kulia bado unaweza kuandika upuuzi huu. Niliteleza nikavunjika kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, sakafu niliyoipiga deki mwenyewe. Wauguzi wamecheka mpaka basi.

Kukunja shuka kunataka mikono miwili. Kushona kiraka vilevile. Nikakaa kwenye kiti kama mgeni rasmi, nawaangalia wenzangu wakitoka jasho. Chumba chetu ni kimoja tu: meza ndefu ya kukunjia, cherehani mbili, pasi, rafu mpaka darini, na mashuka ya hospitali nzima. Tuko watatu. Mimi. Shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye mkubwa wetu kazini na ndiye ninayeishi kwake. Na mwenzetu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki.

Shangazi hapendi kuona mtu amekaa bure. Akasema kama siwezi kukunja na siwezi kushona, basi nisome. Nisome nini? Stoo kuna boksi la vitabu walivyopewa wagonjwa, akasema, na wagonjwa hawavitaki, wana simu.

Boksi zima ni mambo ya kweli! Historia ya chumvi. Historia ya saa. Maisha ya mtu aliyefuga nyuki juu ya paa la gereza. Redio kagoma papo hapo – kitabu cha maisha ya mtu hakina raha, anasema, maana mwisho unajulikana, mwenyewe anakufa.

Nimechukua kisicho na jalada. Kilikuwa chini ya mguu wa kabati bovu, kimebonyea katikati, na sura ya kwanza yote imenyofoka. Ni maisha ya mtu wa zamani aliyepima milima na mito ya nchi nzima kwa miguu, na mnyororo wa kupimia na punda mmoja. Kitabu kinamwita Mpima tu. Labda jina lake lilibaki kwenye kurasa zilizopotea.

Jumanne, 3 Septemba

Leo sikusoma, nilihubiri! Sauti imekauka. Kila nikitaka kupumzika Redio ananisukumia kikombe cha maji na kusema "enhe?" Huyu ndiye aliyegoma jana.

Mpima alipewa kazi ya kupima mlima ambao wakubwa wa ofisi walisema haupimiki. Akaenda. Mwaka mzima! Alilala hemani peke yake, alifua nguo zake mtoni, alishona vifungo vyake mwenyewe. Akipotea, aliuliza njia.

Hapo kwenye kuuliza njia Shangazi alizima pasi. Akasema nirudie. Nikarudia.

"Huyo ndiye mwanaume," akasema. "Anapotea, anauliza."

Redio akaongeza kwamba mumewe aliwahi kuwapitisha mji mzima mara mbili wakitafuta nyumba ya msiba, na wakafika watu wameshatawanyika.

Alhamisi, 5 Septemba

Siku ya kilio. Punda amekufa.

Walikuwa wanavuka mto, mnyororo umefungwa mgongoni mwa punda, maji yakawazidi. Mpima aliokoa mnyororo na akampoteza punda. Kitabu kinasema alikaa ukingoni akalia siku mbili, na kwenye daftari lake la vipimo, siku hizo hakuandika namba hata moja.

Nilisoma nikikwama. Redio alikuwa anapangusa macho kwa foronya safi, ambayo sasa itabidi ifuliwe tena. Shangazi alikuwa amegeukia rafu, mabega yanamtetemeka. Muuguzi wa wodi ya watoto akaingia kuchukua mashuka, akatuangalia mmoja mmoja, akashika kifua. Nani amefariki?

"Punda," nikasema.

Akachukua mashuka yake akaondoka bila kuhesabu.

Halafu Shangazi, akikunja: mwanaume anayemlilia punda siku mbili, mkewe angemlilia miaka mingapi? Ananiuliza mimi! Nimjibu nini?

Nikiri tu hapa: na mimi nimempenda. Riwaya nimezisoma nyingi na wote wale nilikuwa najua wametungwa. Huyu alikula, alilala, alipatwa na malengelenge. Alikuwepo kweli. Najikuta natembea kwenda kituoni nahesabu hatua kama yeye.

Jumatatu, 9 Septemba

Habari kubwa, na si ya kitabuni. Dereva amemposa Shangazi!

Dereva ni dereva wa gari la wagonjwa. Amefiwa na mke, mpole, amebakiza muda mfupi astaafu. Kwa mwaka mzima amekuwa akipita chumbani kwetu na sababu moja mkononi: mara kaleta mafuta ya cherehani, mara kaja kukaza bawaba ya mlango ambayo haikulegea. Sisi wote tulijua. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa anasema "huyu baba anapenda sana milango".

Jana alikuja nyumbani, amepiga pasi mpaka soksi. Aliongea vizuri, bila kuzunguka. Watoto wake wamekua, nyumba ina nafasi, Shangazi naye amefanya kazi miaka mingi na mgongo unamuuma. "Uje upumzike, mama," akasema. "Mimi nitakutunza." Mimi nilikuwa jikoni nimesimama kimya kabisa ili nisikie vizuri.

Shangazi amesema atampa jibu Ijumaa ya wiki ijayo.

Baada ya Dereva kuondoka alirudia lile neno. Kupumzika. Akalirudia tena, taratibu, kama anayeonja dawa. Nikamuuliza kwani Dereva ana kasoro gani. Hana kasoro, akasema, ni mtu mzuri mno. Lakini Mpima angekuja pale sebuleni asingesema "upumzike". Angesema "vaa viatu".

Masikini Dereva. Mimi ndiye niliyemletea mwanaume mwingine chumbani, tena kwa sauti ya juu.

Jumatano, 11 Septemba

Nimecheka mpaka plasta imeuma.

Dereva alinivizia kwenye korido ya maabara. Akanivuta pembeni, uso umemshuka. Amesikia kwa Redio kwamba moyo wa Shangazi uko kwa mpima fulani. Sasa anataka kujua, kwa heshima tu: huyo mpima ni wa ofisi ya ardhi?

Nikaziba mdomo kwa plasta, kicheko kinanitoka. Yeye akaendelea, amekaza macho sakafuni. "Ana gari?"

"Alikuwa na punda. Akafa."

"Nani, huyo mpima?"

"Punda. Na mpima pia, baba. Zamani sana. Ni mtu wa kitabuni."

Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, kofia magotini. "Aliye hai ningeshindana naye, mwanangu," akasema. "Huyu hatakosea tena hata siku moja."

Kicheko kikaniishia. Nilimwambia asikate tamaa, kitabu kina kurasa nyingi bado, huenda mbele huko Mpima akaharibu. Akaniuliza kama ninaweza kuangalia. Nikamwambia tumekubaliana hakuna kusoma kurasa za mbele bila wenzako, Shangazi ameweka sheria. Akasema anaelewa. Akaelewa kwa uso wa huzuni hivi kwamba nimekuja nacho kitabu nyumbani kwenye mkoba.

Jumamosi, 14 Septemba

Shangazi ameenda sokoni. Nimesoma mbele.

Niandike kwa utaratibu. Mpima ameshamaliza mlima wa tatu. Amerudi mjini, amepewa nishani, ameikataa. Umri umepita hamsini. Halafu sentensi hii, naiandika kama ilivyo: *Mwaka uliofuata Mpima aliolewa na mwalimu wa hesabu, na kabla mwezi wa arusi haujaisha akarudi milimani.*

Aliolewa.

Nikasema mpiga chapa kakosea. Alitaka "alioa", kidole kikampita. Nikaendelea mstari wa chini: *Mumewe alibaki nyumbani akichora ramani kutokana na vipimo alivyotumiwa kila wiki.*

Mumewe.

Nikarudi nyuma kurasa zote tulizosoma, nikitafuta mahali palipotuambia Mpima ni mwanaume. Hakuna! Alienda, alipanda, alilia, alishona vifungo. Ni "a-" hiyo hiyo kwa baba na kwa mama. Sura ya kwanza ndiyo ingesema, na sura ya kwanza imeliwa na mguu wa kabati. Mwanaume tulimweka wenyewe. Tukamvika ndevu, tukamposa, Redio hata alisema ana sauti nzito!

Vifungo, jamani. Kufua. Kuuliza njia. Sisi watatu wenye akili timamu.

Shangazi amerudi na vitunguu. Nimeficha kitabu chini ya mto na nimekaa juu yake.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimefanya jambo la kijinga.

Sentensi ile ilikuja leo. Nilikuwa nimejipanga niisome kama ilivyo, kwa sauti ya kawaida. Nikaifikia. Nikamwona Shangazi ameshika ncha ya shuka, ametulia, anasubiri, uso wake mzuri kama wa msichana. Ulimi wenyewe ukasema: "Mpima *alioa* mwalimu wa hesabu."

Basi, ukishaanza hurudi nyuma. Mstari wa pili ukawa "*mkewe* alibaki nyumbani akichora ramani".

Redio akafurahi, akapiga kigelegele kidogo. Yeye na Shangazi walikunja shuka lile, wakakutana katikati, wakaachana. Ndipo Shangazi akauliza.

"Alibaki nyumbani?"

Nikasema ndiyo, akichora.

"Yeye akarudi milimani."

Ndiyo.

"Kumbe hata huyo," akasema Shangazi, akachukua shuka jingine.

Jumanne, 17 Septemba

Nimeshinda! Au nimefanya nini, sijui.

Asubuhi, tukisubiri basi, Shangazi ameniambia amekata kauli. Ijumaa atamkubalia Dereva. Ni mtu mwema, hanywi, anamheshimu, na kama hata yule wa kitabuni aliishia kumwacha mke nyumbani, basi ni ujinga mwanamke wa umri wake kungojea mwingine. Atapumzika. Watu wote hupumzika mwishoni.

Nilitaka kumrukia shingoni kwa furaha. Dereva wetu! Nilikuwa nimeshaanza kuiona nguo nitakayovaa. Halafu nikamtazama. Alikuwa anasoma ratiba ya mabasi ukutani, ile ile aliyoisoma miaka yote, na sijawahi kumwona amechoka hivyo saa moja asubuhi.

Leo hakutaka nisome. Amesema kichwa kinamgonga. Chumba kizima tulisikia mvuke wa pasi, na Redio akieleza habari za jirani yake ambazo hakuna aliyezifuata.

Alhamisi, 19 Septemba

Leo haifai kuandikwa, wala jana. Bado hataki nisome. Naacha nafasi.

Ijumaa, 20 Septemba

Naandika haraka, Shangazi anaoga, na nisipoandika leo nitapasuka.

Dereva alikuwa aje saa kumi kupokea jibu. Nikisema kweli, naweza kumvunja Dereva, na Dereva hajanikosea chochote. Nikinyamaza, Shangazi anaolewa kwa sababu ya herufi tatu nilizozimeza mimi. Saa tisa nikafungua kitabu bila kuombwa.

"Nitarudia kipande cha Jumatatu," nikasema. "Nilikisoma vibaya."

Nikasoma. *Aliolewa.*

"Umekosea," akasema Redio.

"Sijakosea. Jumatatu ndiyo nilikosea."

*Mumewe alibaki nyumbani akichora ramani.*

Redio mdomo wazi. Redio! Shangazi aliacha ncha zake za shuka zikaanguka sakafuni, jambo ambalo mimi nikilifanya nakaripiwa mpaka jioni. Akanyoosha mkono. Nikampa kitabu. Akaweka kidole chini ya neno, akalisoma mwenyewe kwa midomo, mara kadhaa.

Nilijiandaa kwa lolote. Alaumu, alie, anifukuze nyumbani.

"Soma pale pa punda," akasema.

Nikasoma pale pa punda. Akasema pale pa vifungo. Pale alipolala peke yake hemani, pale alipowajibu wakubwa wa ofisi waliomcheka. Maneno yale yale, sikubadilisha nukta, na kila sentensi ilikuwa mpya. Redio alikuwa anajipiga kofi la paja kila mstari: ona! ona! Tukafika kwenye nishani aliyoikataa na Shangazi akaanza kucheka. Kicheko cha tumboni, cha kushika meza. Mpaka akakaa juu ya rundo la mashuka safi, na hilo pia limekatazwa.

"Na mimi nilidhani nampenda," akasema, anafuta machozi. "Kumbe sikutaka anioe. Nilitaka kwenda."

Kwenda wapi, Redio akauliza.

"Sijui. Popote pasipo na ratiba ukutani."

Ndipo tukamwona Dereva. Amesimama mlangoni, kofia mkononi, soksi zimepigwa pasi. Hatujui alikuwa hapo tangu lini. Nilitamani ardhi inimeze, plasta na yote.

Shangazi hakusimama kutoka kwenye mashuka. Alimwambia akae, asikilize kwanza, na mimi nisome tena kipande cha arusi. Nikasoma. Dereva alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayepokea maelekezo ya daktari. Nilipofika kwa mume anayechora ramani nyumbani akakohoa.

"Mimi kuchora siwezi," akasema.

Akaigeuza kofia mkononi.

"Kuendesha ndiyo naweza. Na kufundisha kuendesha."

Shangazi akamtazama kwa muda mrefu. Nadhani ni mara ya kwanza amemtazama yeye, siyo bawaba.

"Jibu lako sijakupa," akamwambia.

"Sijaliuliza tena, mama."

"Na usiniambie nipumzike."

"Hilo nimelisikia."

Akavaa kofia, akatoka. Akasahau kufunga mlango, baada ya kuukaza mwaka mzima.

Jumapili, 22 Septemba

Nimekaa dirishani, kitabu mapajani. Sura mbili zimebaki na nimeapa sisomi mbele.

Saa tatu asubuhi pikapu kuukuu ilisimama nje. Ni ya Dereva mwenyewe, rangi ya kijani iliyofubaa, mlango mmoja wa rangi nyingine. Shangazi alikuwa tayari. Amevaa suruali! Suruali ya marehemu kaka yake, ambaye ni baba yangu, amekunja pindo na kulishona vizuri kwa mkono, mishono midogo midogo. Nilisimama nikaikumbuka suruali hiyo kwa baba, na sikulia, nilifurahi kuiona inatembea.

Dereva amekaa upande wa abiria. Uso wake! Mtu aliyekimbiza wagonjwa miaka yote hiyo na king'ora bila kutetereka, leo ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Gari limezima. Linawaka. Limeruka mbele kidogo, limezima. Jirani wa mkabala ametoa kiti nje akakaa kabisa. Namsikia Dereva akieleza habari za klachi kwa upole, taratibu, na Shangazi akimwambia ameshaelewa, anyamaze, asije akamchanganya.

Nilimuuliza Shangazi jana kama atamkubali. Akasema hajui, na kwamba kutojua huku kunampendeza, nisimharakishe. Dereva nilimuuliza pia, nilipokutana naye dukani. Yeye alisema tu kwamba amenunua ramani. Hakusema ya wapi. Aliponionyesha ilikuwa ya nchi nzima, na hakuwa ametia alama popote.

Limewaka tena. Sasa linakwenda! Polepole, katikati kabisa ya barabara, mtu wa baiskeli kaparamia ukingo kumpisha. Limefika kona ambapo watu wote hugeuza kurudi. Dereva kanyoosha mkono kuonyesha kulia. Shangazi kapunguza mwendo, kashusha kioo, anamuuliza yule wa baiskeli kitu.

Yule anaelekeza kushoto.